Mikono Kumi na Minane na Vidole Viwili

Wenzangu mliozaliwa wakati wa Mwingereza, nyie mnaotafuta miwani huku mmeivaa, hebu niambieni kama na ninyi yanawapata haya. Mimi nasahau nilichokula asubuhi. Nikitaka kumwita mjukuu mmoja naanza na majina ya ndugu zake wote, na la mbuzi naliita, ndiyo nafika kwenye la kwake. Lakini harufu ikinigusa, basi, meno ya utoto yanarudi kinywani.

Safari hii ilinikuta Tunduma, kwa mjukuu wangu muuguzi. Nyumba yake imepakana na fundi wa kuchomea mageti. Mimi nimekaa kibarazani nachambua maharage, naongea na kila anayepita, nimeshajua mpaka nani kaachika. Mara fundi akamwagia maji chuma cha moto. Kikalia tssss, na ile harufu ikaja. Nikasimama, maharage yote chini. Mjukuu akatoka mbio akidhani nimezidiwa, nikamwambia, "Babu amepita hapa." Maskini akanishika mkono anipime mapigo ya moyo, na babu ninayemsema alikufa hata mama yake yeye hajazaliwa.

Hiyo ndiyo harufu iliyokuwa imemganda babu ngozini, mzaa baba. Kwetu ni upande wa Itaka, na babu alikuwa mtu wa tanuru. Si hawa wahunzi wanaofua vyuma vya gari bovu, hapana. Yeye na wenzake walikuwa wanakitoa chuma kwenye udongo. Tanuru lenyewe lilikuwa refu kuliko nyumba, la udongo, matundu chini pande zote, na mlango mmoja. Mimi nilipopata akili kazi ilikuwa imeshakufa, watu wananunua majembe ya dukani, lakini tanuru lilikuwa bado limesimama, na kulizunguka ardhi imejaa vile vibonge vyeusi wanavyoita mavi ya chuma. Sisi watoto jina hilo lilituua kwa kicheko. Babu alitueleza jinsi walivyofanya kazi: udongo mwekundu unaingia, unafungiwa gizani na moto, mnasubiri, halafu kinatoka kitu kigumu kisichokufa. Nilimwamini kabisa. Lishikeni hilo, maana ndilo lililonipoteza.

Nilikuwa na mdogo wangu, Yese. Alikuwa ameanza kushika ukuta asimame, anasimama, anatuangalia kama chifu, halafu anakaa kwa kishindo na kucheka. Hatua hata moja alikuwa hajapiga. Mwaka huo mzungu wa kahawa alipimiwa eneo letu. Vigingi vilipita katikati ya ulezi wa mama. Tukaambiwa tuhamie ng'ambo ya kijito kabla ya mvua, na nyapara akapita nyumba kwa nyumba kusema asizike mtu tena upande ule, atakayezika atafukua mwenyewe. Kama vile kifo nacho kilipaswa kusoma vigingi.

Ikaja surua. Mimi nikapona, Yese hakupona. Mama naye alikuwa amelala na homa yake, anaongea na watu tusiowaona. Baba alikuwa Kopabeti, kwenye migodi ya shaba ng'ambo ya mpaka. Kwa hiyo babu na jirani mmoja walimzika Yese alfajiri, hawakuweka tuta, hawakuweka msalaba, wakasawazisha udongo na kumwaga majani makavu juu. Halafu babu akarudi nyumbani kunichukua.

"Mke wangu," akasema, maana ndivyo alivyokuwa ananiita, na mimi siku zote namjibu kwamba simtaki, ni mzee, hana meno. Siku hiyo sikumjibu. "Mke wangu, njoo unipe bega."

Macho ya babu yalikuwa yameliwa na moto wa ile kazi. Mwanga alikuwa anauona, mtu hamtambui mpaka aongee. Tukaenda mpaka kwenye tanuru. Akanisimamisha, mgongo kwenye mlango wa tanuru, uso kwenye kichuguu kikubwa kilichokuwa kule mbele. Akaweka mkono wake begani kwangu, akasema nitembee kwenda kwenye kichuguu bila kupinda, nihesabu. Nilikuwa sijui kuhesabu kwa shule. Nilihesabu kwa mikono, kila vidole vitano mkono mmoja. Babu nyuma yangu anahesabu kimoyomoyo, ananifuata polepole. Nyayo zake zilipogusa yale majani makavu akasema, simama.

"Ngapi?"

"Mikono kumi na minane na vidole viwili."

"Na mimi hivyo hivyo," akasema, akafurahi kwamba tumepatana.

Akanipa bonge la mavi ya chuma nilifukie mwenyewe hapo, kina cha mkono mpaka kwenye kiwiko. Nilipomaliza akanifinya sikio. Jamani, alinifinya kweli, mpaka nikalia kwa sauti. Kisha akanitia asali mdomoni, ikachanganyika na machozi na kamasi, na hadi leo asali kwangu ina chumvi.

"Ndivyo walivyotufundisha sisi tanuruni," akasema. "Kichwa hakisahau mahali kilipoumizwa. Asali ni ili usiogope kupakumbuka. Baba yako hayupo, mama yako hajitambui, mimi sioni. Wewe ndiye utakayemwonyesha mama yako alipo mtoto wake."

Mimi nikauliza swali moja tu. "Babu, atatoka lini?"

Akasema, "Mungu ndiye anayeujua moto wake."

Basi nikaelewa. Nilidhani nimeelewa sawasawa. Yese ameingizwa kwenye udongo kama ule mwekundu wa tanuruni, amefungiwa gizani, na siku moja atatoka mgumu, hafi tena kwa surua. Kazi yangu ni hesabu. Nikiipoteza, atatoka na kukosa mtu wa kumpokea.

Tukahama. Mama alipopata nguvu za kukaa tulikuwa tumeshavuka kijito, na upande ule una nyapara na mbwa. Babu akamwambia, mtoto yuko salama, binti yako anapajua. Baridi ya mwaka ule ule babu akafa, na jirani yule aliyechimba naye akaifuata njia ya Kopabeti, hakurudi. Nikabaki mimi peke yangu na hesabu yangu. Mama alikuwa akiniangalia, wenzangu, kama unavyoangalia chungu cha mwisho kikibebwa na mtoto. Nikikimbia, "Usije ukaanguka." Nikipanda mti, "Shuka." Nilidhani ananipenda kuliko watoto wote wa dunia. Labda alinipenda. Lakini alikuwa analinda kilichokuwa ndani.

Na mimi nilijilinda kwa kufanya mazoezi. Kila siku nikishachota maji nilisimama mgongo kwenye mlango wa jiko letu jipya na kutembea mikono kumi na minane na vidole viwili. Mara ya kwanza iliishia kwenye zizi la mbuzi. Nikaweka jiwe, nikasema hapa ndipo Yese, huyu ni Yese wa mazoezi. Nikawa namsalimia na kumpelekea punje za mahindi ya kuchoma.

Mvua zikapita, zikaja nyingine. Siku moja nikahesabu nikajikuta nimelipita jiwe. Nikarudia. Nimelipita tena. Nikahamisha jiwe. Mvua nyingine hesabu ikaniacha kwenye maboga. Ikaja nyingine, ikaniacha njiani, karibu na kijito.

Mtu mwingine angejiangalia miguu. Mimi nilifurahi, nikakimbia mpaka kwa mama, alikuwa anatwanga.

"Mama, Yese amejua kutembea."

Mchi ukabaki juu. Kwa utoto wangu nilitegemea atacheka. Aliushusha polepole kama mtu anayelaza mtoto, akasema kwa sauti ndogo sana, "Anaelekea wapi?"

"Kijitoni."

Akaja akapiga magoti mbele yangu, mikono yake ina unga, akanishika mabega yote mawili. "Usimfuate," akasema. "Umenisikia? Hata akikuita, usimfuate."

Nilimwonea huruma Yese, lakini nilitii. Sikuhesabu tena kwa miguu, nikawa nahesabu kichwani tu, nimelala, macho yamefumbwa. Huko kichwani alitulia. Huko hakuna miguu inayokua.

Nilikuwa nimeshaanza kuota kifua pale mama alipopata kibarua cha kuchuma kahawa kwa yule mzungu. Wanawake wengi walikwenda kwa ajili ya chumvi na kitenge. Mama alikwenda kwa jambo moja, na akanichukua na mimi. Siku za kwanza alichuma tu, hakuangalia kulia wala kushoto. Siku ya nne nyapara alikwenda kula. Mama akatua kikapu akasema, "Haya. Nipeleke."

Tanuru walikuwa wameliacha limesimama katikati ya mikahawa. Watu walisema nyapara analiogopa. Kichuguu nacho kilikuwepo. Nikasimama mgongo mlangoni, uso kichuguuni. Nikaanza kutembea, mama nyuma yangu hata pumzi simsikii. Nikamaliza mikono kumi na minane na vidole viwili, nikasimama.

Nitawaambia kitu ambacho sikumwambia mama. Nilipoinua macho, kichuguu kilikuwa karibu mno. Siku ile na babu kilikuwa mbali, kidogo kama kofia. Sasa nilikuwa naona mchwa. Sikio likaanza kuniuma, lile lile, na mdomoni asali haikuja.

"Ni hapa?" mama akauliza.

Ungekuwa wewe ungesema nini? Mtu amesubiri miaka yote hiyo, amepiga magoti tayari. Nikasema, "Ni hapa, mama."

Akafukua kwa vidole, na kabla mkono haujafika kwenye kiwiko akatoa bonge jeusi la mavi ya chuma. Akalikumbatia kifuani. Akalia, akacheka, akaniita mama yangu, akanibusu lile sikio. Na ardhi ile yote, wenzangu, kuzunguka tanuru lile, ilikuwa na mavi ya chuma kama ugali una mvuke. Popote ungechimba ungelipata. Mimi nilijua hilo. Lakini furaha ya mama ilikuwa kubwa, nikaingia ndani yake na kufunga mlango. Kufika jioni nilikuwa nina hakika. Nikikumbuka siku ya babu, nilikuwa naona pale pale palipo na bonge la mama, na mikahawa pembeni. Mikahawa! Siku ya babu kulikuwa na mkahawa gani?

Uhuru ulipokuja mzungu akaondoka, na watu wakarudi kwenye maeneo yao. Mama aliomba kipande kile kile. Baba alikuwa amerudi na baiskeli na kikohozi, akamjengea nyumba upande wa tanuru, na mama akatengeneza njia inayonyooka kutoka tanuruni mpaka kwa Yese wake. Kila jioni anaikanyaga njia ile na kigoda chake. Anakaa, anachambua mboga, anamwambia Yese bei ya kahawa, nani kaoa, nani kalewa kanisani. Ukipita unadhani kuna mtu anamjibu.

Mimi nikaolewa mbali kidogo, nikazaa. Siku moja natoka kliniki na mwanangu wa kwanza, namshika mkono, tunatembea. Ana umri ule ule niliokuwa nao siku ya babu. Ananilalamikia, "Mama, taratibu." Nikaangalia chini. Mimi napiga hatua moja, yeye anapiga mbili. Napiga moja, yeye mbili.

Nilikaa njiani. Waliopita walidhani nimeumwa na nyoka. Hesabu ilikuwa sahihi, haikupungua kidole hata kimoja. Nilichokuwa nimesahau ni kwamba ilihesabiwa kwa miguu mingine. Na babu, mtu aliyejua siku ya kufungua tanuru kwa kunusa moshi, hakufikiria kwamba watoto wanakua. Alikuja nyuma yangu akiwa ameazima hatua zangu, ndiyo maana tulipatana.

Nikafunga safari kwenda kumwambia mama. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, na mimi maneno hayajawahi kunipungukia. Nikamkuta kwenye kigoda chake, mbele ya lile eneo tupu, anapepeta maharage. Akaniona, uso ukamng'aa, akaligeukia lile eneo, akasema, "Yese, dada yako amekuja. Bila huyu tungekupoteza."

Nikamwambia nimekuja kuomba mbegu ya maboga.

Miaka mingi nilikuja kuomba mbegu. Halafu mama akafa, na wosia wake ulikuwa mmoja, azikwe ubavuni kwa mtoto wake. Vijana wakachimba, hawakukuta kitu, na wazee wakasema watoto wachanga hawaachi mifupa. Wote wakaniangalia mimi, maana mimi ndiye niliyekuwa najua. Nikatikisa kichwa, ndiyo, ni hapo. Tukamlaza peke yake.

Sasa pale Tunduma, baada ya kunipima mapigo na kuokota maharage, mjukuu wangu akanikalisha, nikamweleza yote haya, mtu wa kwanza. Yeye amesoma. Akaniambia, bibi, ndani ya ubongo kuna mahali padogo panapopokea mambo mapya na kuyatayarisha, halafu yanakwenda kukaa sehemu nyingine. Jambo lenye hofu au maumivu linashika zaidi, babu yako alijua bila kusoma. Lakini halikai kama picha ukutani. Kila ukilikumbuka linalainika, kama hicho chuma cha fundi kikiingia motoni, na ukilirudisha linapoa na umbo la siku hiyo uliyolikumbuka. Kwa hiyo, bibi, unaloliona leo ni lile ulilolikumbuka mara ya mwisho.

Sasa kuna kitu kimenisumbua siku zote. Nikiikumbuka siku ile ya alfajiri, sioni kichuguu mbele yangu. Najiona mimi mwenyewe, kwa nyuma. Naona mgongo wangu mdogo na mgongo wa babu, mkono wake begani kwangu, tunakwenda. Na nyuma yetu siku ile hakukuwa na mtu. Mjukuu anasema ni kawaida, ubongo unajichorea. Sawa. Lakini mimi najiuliza ni macho ya nani yale yanayotutazama kutoka chini chini namna ile, karibu na ardhi, kwa urefu wa mtoto anayeshika ukuta.

Nikamwambia anipeleke Itaka, kesho yake akanipeleka. Tanuru limeanguka, limebaki kisiki cha udongo, ila mlango unaonekana. Kichuguu kipo, vichuguu vina maisha marefu kuliko sisi. Nikamwambia abaki kwenye gari. Mgongo mlangoni, uso kichuguuni, fimbo mkononi. Nikaanza.

Mnajua tunavyotembea siku hizi, mguu unaburuta, unatangulia wayo mmoja tu, unapumzika. Nilipiga hatua ya kwanza nikaijua. Ilikuwa ile ile. Uzee umenirudishia miguu yangu ya utoto. Nikahesabu kwa mikono, kwa sauti, na nilipofika kumi na minane na vidole viwili nikainua macho. Kichuguu kilikuwa mbali, kidogo kama kofia. Sikio halikuuma. Mdomo ukajaa maji, matamu, yana chumvi.

Nilikuwa nimesimama katikati ya njia ya mama. Njia yake mwenyewe, ile aliyoinyoosha, iliyokanyagwa mpaka ikang'aa. Kila jioni ya maisha yake alipita juu ya Yese akienda kumtafuta mbele.

Sikuchimba. Mavi ya chuma yangenidanganya tena. Nikaendelea kutembea kwa hatua zile zile mpaka kwenye msalaba wa mama, nikahesabu. Nikarudi, nikakaa chini pale njiani, na kukaa kwangu sasa ni kwa kishindo kama kukaa kwa Yese. Nikaweka mkono kwenye udongo.

"Yese," nikamwambia, "mama hajakuacha. Yuko mbele yako hapo, njia imenyooka. Ni mikono tisa na kidole kimoja, kwa hatua zako. Nyanyuka, shika bega langu. Twende."